Mabanzi ya Mombo

Chukua gogo la msonobari lenye kipenyo cha sentimita 30, lililonyooka na lisilooza popote. Nguzo kubwa kabisa ya mraba inayoweza kutoka ndani yake ina upande wa sentimita 21 tu, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya gogo imeshabaki nje kabla mbao ya kwanza haijapatikana. Sasa pasua nguzo hiyo iwe mbao za inchi moja moja. Msumeno wa duara wa mashine ndogo unakula milimita 6 hivi kila unapopita, na kwa kila mbao nne zinazomfikia mpokeaji, mbao ya tano imekwenda na vumbi. Mpasuaji hodari ataokoa mbao nyembamba moja mbili pembeni. Asiye hodari atapoteza hata zile za katikati. Kwa vyovyote vile, nusu ya gogo ni mbao na nusu ni takataka.

Na hilo ni gogo zuri. Magogo mengi ya mashambani yana pindo, yanachongoka kuelekea kileleni, na hupasuliwa kwa mashine zile zinazojulikana Tanzania nzima kwa jina la dingidongi, ambazo mara nyingi haziifikii hata hiyo nusu.

Kumbukumbu hizi zinahusu nusu inayobaki chini: mabanzi yenye magome upande mmoja, vipande vya ncha visivyofika urefu wa kuuzika, maranda na unga wa mbao. Zinahusu pia mji mdogo ambao umeishi na vitu hivyo muda mrefu.

Mombo, wilayani Korogwe, umekaa mahali ambapo mti wa mlimani hauna budi kupita. Barabara ya Lushoto, kilomita 33 hivi za kona kupitia Soni, inamwagikia hapa kwenye barabara kuu. Reli iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe 1902 na Mombo 1905, na kwa miaka kadhaa mwisho wa treni ulikuwa hapa, kabla njia haijasonga mbele hadi Buiko na hatimaye Moshi. Juu, kwenye milima ya Usambara, kuna ukungu, misitu ya Shume na Magamba, na mashamba ya serikali ya misonobari na misaiprasi. Chini kuna joto, mibuyu na mistari ya mkonge. Lori lililosheheni mbao likishuka salama kona ya mwisho, dereva husimama Mombo kupoza breki na kunywa chai.

Kabla ya malori palikuwa na waya. Miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese iliweka juu kule Shume, mahali ilipopaita Neu-Hornow, kiwanda cha kupasulia mbao, kisha ikaagiza kwa kampuni ya Bleichert ya Leipzig njia ya waya wa angani ya kushushia mzigo hadi stesheni ya Mkumbara, mbele kidogo ya Mombo na Mazinde. Waya huo ulikuwa na urefu wa kilomita 9 hivi na ulishuka zaidi ya mita 1,000 kutoka ukingo wa mlima hadi tambarare. Mzigo uliopendwa zaidi ulikuwa mtarakwa, mti wenye harufu nzuri ambao Ulaya iliuhitaji kwa penseli. Wahandisi waliusifu mradi huo kwa ujasiri wake, na kwa kweli ulikuwa wa ajabu. Lakini chombo cha gharama namna hiyo hubeba kitu chenye bei tu. Mbao ziliruka hewani. Mabanzi yalikuwa na kazi ya kubaki mlimani.

Utaratibu huo ulidumu hata baada ya Wajerumani kuondoka: mbao husafiri, taka hubaki pale ilipoangukia. Mtu akitaka kuitumia taka, lazima aifuate.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alijifunza kutazama banzi kabla ya kujifunza kushika randa. Sehemu kubwa ya ujana wake ilipita katika karakana ya mzee mmoja fundi seremala, Msambaa aliyeteremka kutoka milimani na kuweka meza yake ya kazi chini ya mwembe, si mbali na barabara kuu. Mzee hakuwa na mtaji wa kununua mbao za mbili kwa nne kwa wingi. Alikuwa na urafiki na wapasuaji, mkokoteni wa kuazima, na vijana waliohitaji ufundi kuliko walivyohitaji mshahara. Wapasuaji nao walikuwa na tatizo lao: lundo la mabanzi lililokuwa likikua nyuma ya mashine hadi likaziba njia ya magogo. Walikuwa wakilichoma. Moshi wake ulilala juu ya mji jioni nzima.

Asubuhi za kwenda kuchagua zilianza kwa shikamoo na marahaba, kisha amri moja: "Haya, lete panga." Mzee aligeuza banzi, upande bapa ukatazama juu, akalipima kwa kiganja. Upande bapa usiotosha kiganja ulikuwa umejihukumu wenyewe. Kisha alishika ncha nyembamba; ikiwa nyembamba kuliko kidole gumba, nayo ilikwenda. Yaliyopita hapo aliyabandua gome kwa panga, kipande cha urefu wa mkono tu, akatazama kama kuna unga mwembamba wa wadudu au doa la bluu. Mwisho alilisimamisha banzi na kuligonga kwa mpini, akasikiliza. Hukumu zilikuwa tatu, naye alizitoa bila kuinua kichwa.

"La kuni hilo, mwanangu. Hili la banda. Hili la mezani."

Malundo matatu, basi. Kijana aliyezoea kuona rundo moja la uchafu alilazimika kuona vitu vitatu vyenye bei tatu na kazi tatu. La kuni lilikwenda kwa mama ntilie na wachoma matofali, likalipa gharama ya mkokoteni. La banda lilikwenda kwenye kuta na mapaa. La mezani lilibanduliwa magome siku hiyo hiyo, likaingia kivulini.

Kilichomshangaza mwandishi ni ukubwa wa lundo la tatu. Alitegemea kwamba kinachotupwa ni sehemu mbaya ya mti. Kwa msonobari wa kupandwa, mara nyingi ni kinyume chake. Mti huu hukua haraka, na mbao ya miaka yake ya mwanzo, ile iliyozunguka kiini, ni laini, ina nyuzi zilizojisokota, na imejaa mafundo ya matawi ya chini. Mti ukishapogolewa, tabaka zinazofuata hufunika makovu na kuendelea kukua safi. Kwa hiyo mbao ngumu zaidi, iliyonyooka zaidi na isiyo na mafundo iko nje, chini tu ya gome, mahali ambapo msumeno wa kwanza unapita na kuiondoa ili kuupata mraba. Mbao ya katikati inauzwa kwa sababu ni pana na ndefu. Banzi linatupwa kwa sababu ya umbo lake, na ubora wa nyuzi zake hauna mtu wa kuutetea. Mzee hakuzungumza habari za tabaka na nyuzi. Alisema tu kwamba "mti wa utotoni unapinda", akaendelea kuchagua.

Uzuri huo una dosari moja kubwa. Mti wa nje ndio uliokuwa ukipitisha maji na kuhifadhi chakula, na una utamu ambao kuvu na wadudu wanaupenda. Banzi bichi la msonobari likiachwa na gome lake kwenye joto la Mombo, doa la bluu huingia ndani ya siku chache, na chini ya gome wadudu huanza kutoboa. Mchwa hawahitaji kualikwa. Hapo ndipo taka inapotofautiana na malighafi: lundo lile lile, likifikiwa kwa wakati, ni meza, likichelewa, ni majivu. Karakana iliyotegemea mabanzi haikuhitaji mashine nyingi. Ilihitaji kuwahi.

Na ilihitaji paa. Watu waliopita barabarani waliona mafundi wakiranda na kugonga, wakadhani hiyo ndiyo kazi. Kazi yenyewe ilikuwa imelala nyuma ya karakana, chini ya mabati machakavu, katika marundo yaliyopangwa kwa nidhamu ya maktaba. Mabanzi yalilazwa juu ya mawe ili yasiguse ardhi, na kati ya tabaka na tabaka viliwekwa vijiti vya unene mmoja, kimoja juu ya kingine kwa mstari ulionyooka, ili hewa ipite na uzito usizipinde mbao. Ncha zilipakwa rangi yoyote iliyosalia kwenye kopo, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha, na ncha inayokauka upesi hupasuka.

Mti wa nje wa msonobari mbichi unaweza kubeba maji yenye uzito mkubwa kuliko mbao yenyewe. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka bila mbao kubadilika umbo. Yakishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa mbao kavu, ndipo mbao inapoanza kusinyaa na kujipinda, na fundi anataka mambo hayo yatokee kwenye rundo, kabla ya kitu kuwa kabati la mtu. Hapakuwa na kipimo cha unyevu cha umeme. Palikuwa na mizani ya duka la jirani: kipande kimoja kilitiwa alama ya chaki na kupimwa kila Jumamosi, na wiki uzito ulipoacha kupungua, rundo lilikuwa limeiva. Hapo Mombo ilikuwa na faida kuliko Lushoto. Upepo mkavu wa tambarare ulifanya kwa wiki kazi ambayo ukungu wa mlimani ungeichelewesha miezi. Ila samani iliyokaushwa chini na kupelekwa juu ilivuta unyevu na kuvimba kidogo, kwa hiyo droo za wateja wa Lushoto ziliachiwa nafasi zaidi.

Somo la rundo lilionekana vizuri mwaka 2016, serikali ilipoagiza uhaba wa madawati umalizwe baada ya elimu bila ada kujaza madarasa. Kila mwenye msumeno alipata kazi, na mbao kavu zikawa adimu kuliko mafundi. Mwandishi aliona katika shule moja madawati mapya yaliyotengenezwa kwa mbao iliyokuwa bado ikitoa maji kwenye matundu ya misumari. Kabla ya muhula kwisha, viungo vilikuwa vimeachia na sehemu za kukalia zimejikunja juu kama vigae. Mbao ilikuwa ya daraja zuri, imenunuliwa kwa bei kamili. Banzi lililokaa chini ya bati miezi miwili lingeishinda.

Baada ya kukausha, fundi wa mabanzi anakutana na swali ambalo fundi wa mbao za kununua halijui. Yule wa kununua huchora kitanda kwanza, kisha huorodhesha mbao. Huyu ana mbao kwanza, fupi, za upana usiolingana, na lazima aulize zinaweza kuwa nini. Katika karakana ya mwembe, vipande vilipangwa ukutani kwa urefu, na oda ya mteja ilipokuja, kabla ya futi kuguswa, mzee alisimama mbele ya ukuta ule. Chaga za kitanda cha futi nne hazihitaji mbao ndefu kuliko upana wa kitanda; hizo zilitoka kwenye mabanzi, zote, na kitanda kikapungua bei. Sehemu ya kukalia ya stuli ilikuwa vipande vitatu vilivyounganishwa kwa gundi ya mbao na vigingi. Migongo ya viti, fremu za picha, rafu, pande za droo: vyote ni vifupi kwa asili yake. Miguu na fremu ndefu tu ndizo zilizonunuliwa.

Mbinu hii ina ndugu mbali. Mwaka 1934 mbunifu Mholanzi Gerrit Rietveld alitoa kiti kilichotengenezwa kwa mbao za makasha ya kufungashia mizigo, kikauzwa kwa vipande ili mnunuzi akiunge mwenyewe. Wengine walikicheka, eti mbao za makasha si mbao za samani. Leo viti vyake viko makumbusho. Karibu zaidi, Lamu, mafundi huchukua mbao za majahazi yaliyozeeka, zenye rangi zilizopauka kwa chumvi, wakazifanya meza na fremu ambazo watalii hulipia vizuri. Na mafundi wa mpingo wana hesabu kali kuliko zote: gogo la mpingo linapotayarishwa kwa ajili ya zumari za Ulaya, sehemu inayofaa ni ndogo sana, takriban sehemu moja katika kumi. Mpingo una nyufa, mashimo na mapindo, na kiwanda cha ala za muziki hakikubali hata moja. Mchongaji wa Mwenge jijini Dar es Salaam huukubali ufa, akaufanya mkunjo wa kanga ya mwanamke anayemchonga.

Kwa upande wa Handeni, wateja wa vipande vifupi walikuwa nyuki. Wilaya ile ina pori na wafugaji wa nyuki wa jadi, na katika miaka ambayo Waziri Mkuu wa wakati huo Mizengo Pinda, mwenyewe mfugaji wa nyuki, alikuwa akihimiza ufugaji huo nchi nzima, mahitaji ya mizinga ya kisasa yalipanda. Mzinga wa viunzi vya juu, ule uliosambaa kutoka Kenya tangu miaka ya 1970, unafaa mabanzi vizuri mno. Viunzi vyake vina urefu wa nusu mita hivi na lazima kila kimoja kiwe na upana wa milimita 32, nafasi ambayo nyuki wa Afrika hujiachia wenyewe toka katikati ya sega moja hadi katikati ya lingine. Kikizidi, nyuki huunganisha masega na mfugaji hawezi kuinua kiunzi kimoja bila kubomoa cha pili. Vijana wa karakana walipasua viunzi kwa mamia, wakapima kila kimoja kwa kipande cha bati kilichokatwa kwa kipimo hicho. Kuta za mzinga zilikuwa mabanzi yaliyorandwa upande wa ndani tu, na dawa ya mbao haikuguswa, kwa sababu nyuki hawahamii nyumba inayonuka.

Lundo la banda lilikuwa na ufundi wake. Kutembea Usambara ni kuona kuta za mabanzi kila mahali: mabanda ya ng'ombe wa maziwa, genge la mboga, choo cha shule, chumba cha mlinzi. Nyingi huoza haraka, na sababu ni zile zile. Mabanzi huchimbiwa ardhini, huachwa na magome, au hulazwa kwa mlalo ili kila mwanya ushike maji ya mvua. Mzee alisimamisha mabanzi wima juu ya msingi wa mawe uliopita kimo cha goti, tabaka la kwanza upande bapa ukitazama nje, la pili upande bapa ukitazama ndani likifunika nyufa za la kwanza. Maji yakashuka moja kwa moja. Paa lilitokeza nje ya ukuta urefu wa mkono. Oili chafu ilipakwa chini tu, mahali mchwa wanapoanzia, na kamwe si ndani ya banda la kuku.

Penye upana mkubwa wa paa, vipande vifupi vilionekana kushindwa, na hapo mwandishi alijifunza jambo alilokuja kulikuta baadaye kwenye historia. Mwaka 1561 mjenzi Mfaransa Philibert de l'Orme alichapisha kitabu kuhusu ujenzi wa gharama nafuu. Boriti ndefu zilikuwa zimeadimika Ufaransa, naye akaonyesha namna ya kujenga mapaa mapana kwa vipande vifupi vya mbao vilivyopangwa tabaka mbili, viungo vya tabaka moja vikiangukia katikati ya vipande vya tabaka la pili. Mafundi wa Mombo hawakuwa wamemsikia. Walifanya kitu kile kile kwa misumari: tabaka tatu za vipande vya inchi moja, viungo vikipishana, msumari ukitokeza upande wa pili na kukunjwa. Boriti iliyopatikana ilibeba paa la karakana yenyewe. Kenchi nazo ziliungwa kwa vibao vya pande mbili kila mahali mbao zilipokutana. Sharti ni moja, nalo halina huruma: viungo viwili visiangukie mstari mmoja. Vikiangukia, boriti ya vipande ishirini ina nguvu ya misumari tu.

Wakati karakana ndogo zikihangaika na vipande, wazo kubwa zaidi lilikuwa limesimama kilomita chache tu kutoka hapo. Mkumbara, pale pale ulipoishia waya wa Wajerumani, kilijengwa kiwanda cha Tembo Chipboard, na enzi za mashirika ya umma jina lake lilijulikana kwa kila aliyenunua kabati au dari. Chipubodi ni jibu la kiwanda kwa swali la takataka. Mjerumani Max Himmelheber, aliyewahi kuwa rubani, aliukamilisha mtindo huo katika miaka ya 1930 akiudhiwa na kuona mti mwingi ukiishia motoni. Uzalishaji wa kiwandani ulianza Bremen mwaka 1941, wakati wa vita, mbao zilipokuwa adimu. Mti unasagwa kuwa vipande vidogo, unakaushwa, unachanganywa na gundi, kisha unabanwa kwa moto. Mashine haijali kama kipande kilikuwa banzi au tawi.

Uhuru huo una bei. Kiwanda cha namna hiyo kinataka gundi ya kununua, umeme usiokatika, vipuri, na mto wa malighafi usiokauka msimu wowote. Mabanzi ni mepesi na yanajaa hewa; lori lililosheheni mabanzi limebeba nafasi tupu zaidi kuliko mti, na mafuta ya kulishusha kutoka Shume ni yale yale ya lori la mbao. Wachumi wa misitu wanalijua tatizo hili kila mahali: takataka ya bure inakuwa ghali kila kilomita inayosafiri. Fundi wa mwembe hakulikwepa kwa akili nyingi. Alichagua kwanza, akasafirisha baadaye, na theluthi mbili za lundo hazikupanda mkokoteni wake kamwe.

Korogwe ina ushahidi mwingine wa jambo hilo hilo, nje ya mbao. Jani la mkonge linatoa katani asilimia 4 hivi tu ya uzito wake. Mengine yalikuwa yakimwagwa na maji nje ya korona, mashine inayochakata majani hayo. Hale, katika wilaya hiyo hiyo, kampuni ya Katani, kwa msaada wa shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ilijenga mtambo wa majaribio wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme, ulioanza kazi miaka ya 2007 na 2008. Mtambo uliwekwa shambani, kando ya korona, kwa sababu majimaji ya mkonge hayawezi kulipa nauli. Hata milingoti ya mkonge, ile inayochomoza mmea unapokaribia kufa, wakazi wa Mombo na Mazinde waliijua zamani: boriti za nyumba, uzio, ngazi, na kwa mafundi wachache, vitanda vyepesi ambavyo mtu mmoja anaviinua.

Karatasi nazo ni sehemu ya ufundi. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, mazao ya msitu yanapita barabarani na hati zake, na banzi ni zao la msitu kama mbao ya kabatini. Kijana aliyefikiri kwamba takataka haihitaji risiti alijikuta kizuizini akijieleza jua kali, mkokoteni ukiwa pembeni. Tangu hapo mzee alimtaka mpasuaji amwandikie stakabadhi hata kwa mzigo aliopewa bure. Stakabadhi hizo zilitundikwa kwenye msumari ukutani, na siku mteja wa taasisi alipouliza mbao zimetoka wapi, msumari ule ulijibu na oda ikapatikana.

Mabadiliko makubwa zaidi ambayo mwandishi ameyaona ni kwamba lundo halichomwi tena. Wachoma matofali wanalitaka, wafugaji wa kuku wananunua maranda ya kutandika, wenye viwanda wanataka kuni za boila, na wapasuaji wamejifunza kuuza kila kitu. Kwa karakana za mabanzi ni habari mbaya na nzuri pamoja. Mabanzi ya bure yamekwisha. Lakini mpasuaji anayeuza mabanzi ana sababu ya kuyatunza, na mafundi wenye akili wameanza kumnunulia utunzaji wenyewe: wanamlipa zaidi kwa kila banzi lililotengwa, kubanduliwa gome na kulazwa juu ya vijiti siku lilipopasuliwa, na hawachukui lingine lolote. Wengine wameweka kijana wao palepale kwenye mashine, upande wa mpokeaji, mwenye chaki mkononi. Banzi likitoka chini ya msumeno analigeuza, analipima kwa kiganja, na kabla halijafika kwenye lundo limeshaandikwa linakokwenda. Analipwa kwa idadi ya mabanzi yanayofika karakana bila doa la bluu, na anayerudishiwa mengi wiki hii huwa makini zaidi wiki ijayo.